Ukuta Mweupe wa Shangazi

Mama Perpetua, anayesali kanisa moja na shangazi yangu, hajui kuongea taratibu kwenye simu. Anaamini sauti lazima itembee yenyewe kutoka Gitega mpaka Muyinga, kwa hiyo anaisukuma. Nilikuwa darasani, watoto wanaandika hesabu za kugawanya, simu ikaita, nikaona jina lake nikajua hii si salamu. "We Adelina! Iko wapi?" "Niko shuleni, mama." "Toka nje kwanza." Nikatoka barazani. "Shangazi yako amepumzika. Asubuhi, mi mwenyewe nilikuwa naye. Misa ni kesho kutwa, hapa katedrali. Usilete maua ya plastiki." Akakata. Hata nafasi ya kulia naye sikupata. Watoto walikuwa wamepanga nyuso dirishani, nikawaambia wamalize hesabu, mimi nikabaki nimesimama pale nafikiria maua ya plastiki.

Jioni nilipita kanisani. Hapa Muyinga pia nasali katedrali, kila Jumapili, na nakaa karibu na mlango kwa sababu matangazo ya mwisho yananichosha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nakaa hapo. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo ubaya wake. Siku hiyo kulikuwa na mama mmoja tu anafagia mbele, na mimi nikajikuta nasugua ukuta kwa kidole gumba, juu, chini, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ukuta laini, umepakwa rangi. Kidole kilirudi vilevile kilivyokwenda. Nikaona bora niuandike ule mwaka niliokaa kwa Shangazi kabla sijaanza kuusimulia vibaya. Habari za wazazi wangu naziruka. Inatosha kujua kwamba nilikulia Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa nimeshazoea ya huko, na Kirundi changu kilikuwa kinawachekesha watu sokoni.

Mwaka wenyewe nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo ya mtihani wa taifa, na nilikuwa na mpango mmoja tu. Matokeo yakitoka, napanda gari mpaka Muyinga, kutoka Muyinga mpaka Kobero, navuka mpaka, naingia Kabanga, ambako rafiki yangu wa zamani alisema kuna kazi dukani. Wakati wa kusubiri nikapelekwa Gitega kwa Shangazi Godensia, dada mkubwa wa baba, eti nikamsaidie. Shangazi alikuwa mjane, hana mtoto, amepangishwa nusu ya nyumba moja ya zamani nyuma ya katedrali. Watu waliiita nyumba ya Mjerumani ingawa hakuna aliyejua Mjerumani yupi, na jirani yetu alisema ni ya Mbelgiji. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba nilikaa dirishani na miguu yote ikaenea. Milango mirefu utafikiri walikuwa wanapitisha twiga. Kwenye chumba cha mbele kulikuwa na shimo la kuotea moto ukutani, ambalo Shangazi aliwekea gunia la maharage. Juu vigae vya udongo vimeota majani, chini ya vigae dari ya mbao, na katikati yao popo, ambao walikuwa hawalipi kodi. Mimi nilitaka bati. Kila mtu anayejenga Gitega alikuwa anaezeka bati jipya linaloumiza macho, na sisi tunalala kwenye nyumba inayonuka udongo uliolowa na moshi wa watu waliokufa zamani. Nilimwambia Shangazi hivyo hivyo. Akasema, "Ukiwa na bati hutasikia misa." Ni kweli kwamba pale kitandani kwangu, asubuhi, kama hakuna mvua, nilikuwa nasikia wanakwaya wanakohoa kabla ya kuanza. Lakini sikuona kama hiyo ni faida.

Nusu ya pili ya nyumba ilikuwa ya Papa Bahati, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anauza beseni na vitenge sokoni. Nyumba ilikuwa inavuja, na kila mvua ilichagua mahali pake papya. Mawingu yakikusanyika Papa Bahati anaingia na mnara wa beseni kichwani. "Bon, nyumba iko nalia. Tuipanguse machozi." Anazipanga chini ya matone, anakaa kwenye kigoda, anasubiri chai. Kesho yake hizohizo beseni zinakwenda sokoni. Shangazi alipomwambia kwamba si mpya tena, alijibu, "Mama, hii maji imetoka juu kwa Mungu. Mi niko nauza beseni yenye kubarikiwa, na bei ni ileile." Yeye alikuwa na kanisa lake la kupiga makofi, kule chini kwenye barabara ya Giheta. "Sie tunasali chini ya turubai, na Roho anashuka. Hamuna kigae hata moja." Shangazi akauliza, "Na mvua?" "Mvua pia inashuka." Tulikuwa tunacheka mpaka ndizi na maharage vinapoa. Chakula chetu kilikuwa hicho: ndizi na maharage, au ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, dagaa wanaoitwa ndagala siku ya Ijumaa, parachichi likidondoka kwa jirani. Shangazi alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mimi nimeshanawa, yeye bado anachambua maharage yenye ngozi ngumu na kuyapanga pembeni ya sahani.

Alichokuwa anakitaka nilikijua ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu alikuwa hazungumzi kingine. Alitaka zamu. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, Shangazi ndiye alikuwa mama wa kanisa. Kanisa lilikuwa la miti na udongo, na kila sikukuu yeye na wenzake walikuwa wanalipaka upya, udongo mweupe kutoka bondeni umechanganywa na uji mzito wa muhogo ili ushike. Mgeni anakuja, unapaka. Mtoto anabatizwa, unapaka. Kuta za kule zilikuwa na tabaka juu ya tabaka. Hapa Gitega, kwenye katedrali alimobatizwa akiwa mtoto mchanga, kabla ya kukimbia, usafi ulikuwa unafanywa kwa zamu, kila jumuiya na wiki yake, na jumuiya yetu ya waliorudi ilikuwa haina wiki. Wakijitolea walikuwa wanashukuriwa tu. Shangazi alikuwa anawasalimia akina mama wa usafi kwa salamu yake ya Tanzania, "Tumsifu Yesu Kristo!" na wao wanacheka, wanaitika "Milele amina" wakivuta maneno kama yeye, halafu wanaendelea kufagia. "Wananiita Mtanzania," alikuwa anasema anapofika nyumbani. "Kule walikuwa wananiita Mrundi. Sasa mimi nifagie wapi?"

Mwezi wa nane zamu ikaja. Jumuiya moja ilikuwa na msiba, na aliyekuwa anapanga zamu, Mama Perpetua mwenyewe, akasema haya, hao Watanzania wafanye wiki hii. Ilikuwa wiki ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mama Perpetua alikuwa muuza mchele wa sokoni, mtu wa Bugendana, mrefu, na mguu mmoja unauma lakini hataki kuambiwa. Alimpa Shangazi funguo ya kikanisa cha pembeni, pale ilipo sanamu ya Bikira, na akasema neno moja: "Pang'ae." Shangazi alirudi nyumbani amelishika lile neno kama yai. Kikanisa chenyewe kilikuwa na ukuta wa matofali yaliyoachwa wazi, bila plasta, mekundu zamani, sasa meusi kwa moshi wa mishumaa na unyevu. Shangazi aliutazama ukuta ule nami nikiwa nyuma yake na ndoo. "Ade," akaniambia, "Mama wa Mungu wamemweka jikoni."

Mnajua alichofanya. Jumamosi baada ya kazi za jamii, padri wa parokia yuko safarini kwenye vigango, akina mama wetu wakaja na udongo mweupe kutoka bondeni, wamepika uji wa muhogo kwenye sufuria ya harusi, wakapaka. Mimi nilikuwa wa kuchota maji. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika, lakini nakiri walikuwa wanapendeza kuwaona. Waliimba nyimbo za kambini, za Kiswahili, mle ndani ya katedrali, na sauti ilikuwa inapanda juu na kurudi imekuwa kubwa zaidi, mpaka mama mmoja akanyamaza katikati ya wimbo akasema, "Sikilizeni tulivyo wengi!" Walipomaliza, ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa, na sanamu ya Bikira utafikiri imeletwa leo. Shangazi alikaa chini sakafuni, mikono meupe mpaka kwenye viwiko. Hakusali wala nini. Alikaa tu.

Jumapili kabla ya misa Mama Perpetua aliingia kikanisani kama kila Jumapili. Sisi tulikuwa kwenye benchi la mbele, Shangazi amevaa kitenge chake cha sikukuu, anasubiri. Mama Perpetua alifika hadi ukutani, akanyoosha mkono mahali fulani, chini kidogo ya bega lake, akaurudisha. Akanyoosha tena pembeni. Akaanza kupapasa, mkono mmoja halafu yote miwili, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ngeni. Halafu akageuka. Sikuwahi kumsikia anaongea chini namna ile, na sijamsikia tena. "Mama yangu iko wapi?" Shangazi alidhani ni sala. "Mama yangu," Perpetua akasema, "nani amefunika mama yangu?"

Tulielezwa baadaye, nje, na watu wengi kwa pamoja, wanatupigia kelele. Zamani katedrali ilipokuwa inajengwa, watu wa milima ya huku, maana huku kijiji ni mlima, walifyatua matofali na kuyabeba kichwani, kwa miguu, kutoka mbali kama Bugendana. Kila mlima ulikuwa na alama yake. Tofali likiwa bado bichi unaliminya: wengine vidole viwili, wengine msalaba, wengine kisigino cha mkono. Mlima wa kina Perpetua ulikuwa unaminya gumba. Mama yake alikuwa msichana mdogo siku hizo, na kati ya matofali yale ya gumba moja lina gumba dogo kuliko mengine yote, na mama yake alimwonyesha: hili ni mimi. Picha ya mama yake hana. Nyumba iliungua wakati wa vita, na kaburi halijulikani. Kila Jumapili alikuwa anaweka gumba lake ndani ya lile gumba, basi, anakwenda kukaa. Na si yeye peke yake. Watu wa kila mlima wanakaa misa karibu na matofali yao, wamekaa hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kutuambia kwa sababu kila mmoja alidhani kila mtu anajua. Sisi tulikuwa tunaona watu wanagusa ukuta, tukadhani wanagusa kwa ajili ya Bikira.

"Mmetoka kwenye nyumba za udongo," mama mmoja akasema, "mmekuja kupaka udongo nyumba ya Mungu!" Shangazi akajibu, "Kwetu mgeni akija tunapaka. Tumepaka nyeupe, hatujapaka matope." "Kwenu wapi?" Perpetua akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Tofali lako liko wapi mle ndani, Godensia? Nionyeshe moja tu." Shangazi hakuwa nalo. Ukoo wetu ulihamia huku katedrali ikiwa imeshasimama. Akatoa funguo mfukoni akaiweka kwenye mkono wa Perpetua na tukaenda nyumbani bila kusikiliza misa ya sikukuu, ila kwa dirisha.

Padri aliporudi alisema angeleta mafundi wakasugue kwa brashi za chuma. Mama Perpetua akamwambia, mbele ya watu, "Padri, brashi ya chuma itakula gumba." Kupigwa plasta juu yake hawezi kukubali, kusugua hawezi kukubali, maji tulijaribu pembeni na kitambaa lakini uji wa muhogo ulikuwa umeshika kama gundi, ukisugua kwa nguvu na tofali linatoka unga. Basi ikaamriwa hakuna kugusa. Ukuta ukabaki mweupe, mzuri, na hakuna anayeutazama. Jumuiya yetu ikaondolewa kwenye zamu. Na Shangazi akaacha kuingia ndani. Hakuacha kanisa, alikuwa anakwenda kila Jumapili anasimama nje, chini ya dirisha la kikanisa, na mwavuli, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza. Mimi nikawa nasimama naye. Yaani picha ile mpaka leo inanikera: watu wanapita wanatupa amani ya Bwana dirishani, na matone yanaingia kwenye viatu.

Nilimgombeza. Mtoto hamgombezi shangazi yake, hilo najua, lakini nilimgombeza. "Shangazi, nenda ukaombe msamaha yaishe." "Niombe msamaha wa nini? Wa kupaka?" "Basi twende kanisa la Papa Bahati." Papa Bahati kutoka ng'ambo ya ukuta: "Karibuni! Hamuna wa kuuliza tofali!" Shangazi akaweka kijiko chini. "Mimi nilikaa Tanzania zaidi ya nusu ya maisha yangu," akasema, "na kila siku nilipokuwa nafumba macho kusali nilikuwa naona mlango wa kanisa hili. Sikuvuka mpaka nije kanisa lingine." Akarudia kuchambua maharage. Wakati huo matokeo yakatoka, nikawa nimepita, na rafiki yangu wa Kabanga akapiga simu kuuliza nakuja lini, kwa sababu mwenye duka hasubiri. Nikafunga mfuko. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Ningemwachaje mtu amesimama nje ya dirisha?

Halafu nyumba yenyewe ikatusaidia. Shangazi alikuwa amepaka udongo uleule mweupe kwenye chumba changu, sehemu iliyobaki kwenye ndoo, kwa sababu hatupi kitu. Mvua moja kubwa ilivuja juu ya kamba yangu ya nguo, na kitenge changu kibovu, nilichokuwa nafanyia kazi, kikalowa na kushikamana na ukuta. Asubuhi nilikiona nikakasirika, nikakivuta. Kikatoka na ukuta. Namaanisha udongo wote mweupe ulitoka nacho, umelainika kama ngozi juu ya maziwa, na nyuma yake tofali safi, hata unga halikutoa. Nilikaa nakitazama. Nikamwita Shangazi, na Papa Bahati akaja bila kuitwa. "Kumbe," akasema Papa Bahati, "hii ukuta haipendi vita. Inapenda kubembelezwa." Shangazi akakishika kile kitenge, akakinusa, akasema, "Uji wa muhogo. Ukiloweka usiku kucha unakumbuka kwamba ni uji." Nikadhani atakimbia kwa padri. Hakukimbia. Alikaa karibu na gunia la maharage, akakikunja kile kitenge. Mwisho akasema, "Sasa nitalazimika kwenda kwake."

Kwenda kwa mtu uliyemkosea, huku kwetu, si kwenda tu. Unabeba pombe. Tulinunua urwarwa, pombe ya ndizi, kwenye dumu, tukatembea mpaka Bugendana, maana Mama Perpetua alikuwa nyumbani mlimani kuvuna maharage na gari la upande ule hatukupata. Nilibeba dumu mimi. Tulipofika alitutazama, akalitazama dumu, akasema tukae. Na hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Tukaongea mvua. Tukaongea maharage, ya mwaka huu na ya mwaka jana. Tukaongea mguu wake, ambao hauumi. Tukapewa chakula, tukala. Kirundi kina baraza ndefu kabla hujafika sebuleni, na mimi nilikuwa nataka kuruka dirishani. Mwisho Perpetua akaleta kibuyu na mrija mmoja, akamimina, akakiweka katikati, na akasubiri. Mwenye kuleta pombe ndiye anaionja kwanza, aonyeshe haina kitu. Shangazi alikuwa hanywi. Aliapa kambini, mume wake alipokufa kwa pombe, na Gitega nzima ilijua, maana kwenye harusi alikuwa anaomba maji na watu wanamtania. Perpetua alijua. Alikuwa ameukaza uso kama jiwe la kusagia.

Shangazi aliinama akashika mrija akavuta. Si kidogo. Alivuta kama mtu anayekunywa dawa, macho yamefumba, koo linapanda na kushuka. Akaachia mrija, akajifuta mdomo, akasema kwa Kirundi maneno aliyokuwa anayakataa miezi yote ile, kwamba alimfunika mama wa mtu na hakujua, na kutojua hakumfunui, ila kitambaa kilicholowa usiku kucha kinaweza kumfunua. Perpetua alimwangalia. "Ilikuwa tamu?" "Mbaya sana." "Ni ya kulala, hii. Wamekuuzia ya jana. Mtanzania kabisa." Na akacheka, jamani, akacheka mpaka akashika ule mguu usiouma, akauvuta mrija kwake akanywa. Kisha akauliza, "Hicho kitambaa iko wapi?"

Nguo ya kwanza ilitundikwa na Perpetua mwenyewe. Alikataa kitenge kipya Papa Bahati alichotoa bure ("Bure, mama, andika siku hii!"), akasema nguo mpya ni kavu moyoni, hainywi maji vizuri, akaleta shuka yake ya zamani. Ilikaa ukutani mpaka kesho, imeloweshwa na kuloweshwa tena. Tukaenda asubuhi, akaivuta taratibu kutoka juu, kama unavyomvua nguo mtoto aliyelala. Matofali yakatoka moja moja. Vidole viwili. Msalaba. Gumba, gumba. Akapiga magoti, akapapasa, akaweka gumba lake. Sisi tukatazama kwingine. Baada ya hapo akina mama wa pande zote walikuwa wanakuja na nguo zao zilizochakaa kuliko zote, na kikanisa kilikaa wiki nyingi kama uwanja wa kuanikia, mashuka, kanga za Tanzania zenye maneno yaliyofutika, vitenge vya misiba, na Bikira katikati yao kama mama anayesubiri nguo zikauke. Walikuwa wanataniana. "Kanga yako inasemaje?" "Inasema nyamaza ufanye kazi." Msamaha sikusikia mtu akiutamka. Perpetua alimwambia Shangazi tu, siku moja mlangoni, "Ijumaa ni zamu yako. Fagia. Usipake kitu."

Weupe haukutoka wote. Kwenye mistari kati ya matofali, na ndani ya alama, kule kwenye vishimo, ulibaki, na ukigusa unakuja na unga kidogo. Perpetua alilalamika kwa miaka. Shangazi alifagia Ijumaa zake zote, na kwa misa alikaa pale pale kwenye ukuta, karibu na gumba, kwa sababu aliambiwa na Perpetua asogee huko, anamzibia njia. Mimi niliondoka na mfuko wangu kwenda Kobero. Nilifika Muyinga, nikasikia kwamba duka la Kabanga limeshapata mtu, na shule moja hapa inatafuta mwalimu. Basi. Sina maelezo makubwa zaidi ya hayo.

Siku ya misa nilifika Gitega bila maua. Nyumba ya Mjerumani bado inavuja. Papa Bahati alikuwa ameweka beseni karibu na jeneza usiku wa mkesha, na alipokuwa ananisimulia alilia na kucheka pamoja. "Hii moja siuzi," akasema. Katedrali ilikuwa imejaa. Wakati wa kutoka, wabebaji walipofika usawa wa kikanisa, Mama Perpetua akanyanyua fimbo anayotembelea siku hizi, wakasimama, wote, hata padri. Akanishika mkono akanipeleka ukutani. Hakuniuliza. Alichukua gumba langu akalikandamiza ndani ya tofali la mama yake, lilivyo dogo, gumba langu likaingia nusu. Alipoliachia lilikuwa jeupe. "Ya ndani ni mama yangu," akasema kwa sauti ile ya simu, kanisa zima likasikia. "Hii nyeupe ni Godensia. Sasa toka, watu wako wanangoja juani."

Tukazika, tukanawa mikono nyumbani kama inavyotakiwa. Yaani wengine walinawa. Mimi niliosha mkono mmoja. Kwenye taksi ya kurudi Muyinga nilikaa mbele, mkono wa kulia nimeuweka juu ya goti, gumba limesimama peke yake, sigusi kitu. Dereva alikuwa analitazama tangu Karuzi. Mwisho akashindwa. "Madamu, samahani. Nyie mmepiga kura wapi leo, yenye wino mweupe?"

Nikamwambia, "Gitega. Katedrali."

"Na mmeshinda?"

Nikamwambia aangalie barabara.